Sura ya Saba: Ahadi ya Hati na Tendo la Programu

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na ingawa waliyoyafikiria ni pishi za karafuu na majora ya nguo, wala si faili za kompyuta, sijapata kusikia kauli nyingine ielezayo kwa ufupi zaidi haja iliyozaa vyombo vya kutunza matoleo ya programu. Programu kubwa haiandikwi na mtu mmoja, wala haiandikwi mara moja ikaisha. Huandikwa na mamia ya watu, wengi wao wasiopata kuonana maishani, na kila mmoja hubadili mstari hapa na mstari pale, na mabadiliko hayo yasipoandikwa ni nani aliyeyafanya, lini, na kwa sababu gani, basi siku kazi itakapoharibika hapatakuwa na wa kuulizwa wala pa kurudi. Tangu mwaka 1972, Marc Rochkind alipoanza kubuni chombo cha namna hiyo katika maabara za Bell kule Marekani, vyombo kadhaa vimepokezana zamu: RCS ya Walter Tichy mwanzoni mwa miaka ya 1980, CVS iliyoanzishwa na Dick Grune mwaka 1986, Subversion mwaka 2000, na hatimaye Git, ambayo ndiyo itakayotushughulisha katika sura hii, kwa kuwa ndiyo itumikayo leo karibu kila mahali paandikwapo programu, na kwa kuwa daftari lake lenyewe liko wazi kwa kila mwenye macho.

Git ilizaliwa kwa dharura. Waandishi wa Linux walikuwa wakitumia tangu mwaka 2002 chombo kiitwacho BitKeeper, mali ya kampuni, walichopewa bure kwa masharti. Aprili 2005 ruhusa hiyo ikaondolewa, na Linus Torvalds, aliyeianzisha Linux, asione katika vyombo vilivyokuwapo hata kimoja cha kumridhisha, akaweka kando kazi zake nyingine akaandika chake. Tarehe 7 Aprili aliweka humo kumbukumbu ya kwanza, ambayo watu wa kazi hii huiita komiti, na mtu yeyote aweza hata leo kuifungua akaisoma: faili kumi na moja, mistari elfu moja na mia mbili na ushei. Moja katika faili hizo si programu hata kidogo. Ni maelezo, yaliyoandikwa kwa lugha ya kawaida, yakianza kwa mzaha juu ya jina la chombo na kisha yakituama katika jambo zito, yaani jinsi chombo kinavyohifadhi mambo na kwa nini kinayahifadhi hivyo. Nalitaja hilo mapema kwa sababu wako watu, na si wachache, waaminio kwamba maelezo ni mapambo yanayotiwa baada ya kazi kwisha, na kwamba kuyaandika ni shughuli ya mtu asiyejua kuandika programu. Ilhali katika chombo hiki kilicho mashuhuri kuliko vyote, maelezo yalikuwapo kabla chombo hakijaweza kufanya sehemu kubwa ya yale tunayokiomba kifanye leo. Julai ya mwaka huohuo Torvalds alimkabidhi Junio Hamano ulezi wa Git, naye ameushika kwa muda wa miaka ipatayo ishirini, muda ambao chombo kimekua kikawa na amri zaidi ya mia moja, kila moja na ukurasa wake wa maelezo, na kila ukurasa na makosa yake.

Sasa tuulize: kasoro ya programu ni kitu gani? Jibu lijalo kwanza mdomoni ni kwamba kasoro ni pale programu inapofanya jambo baya, lakini jibu hilo halisimami likisukumwa kidogo. Amri ifutayo faili imefanya jambo jema ikiwa mtu alitaka faili yake ifutwe, na imefanya jambo baya ikiwa alitaka ihifadhiwe, na programu yenyewe haijui matakwa ya mtu. Inajua tu kilichoandikwa. Kilicho baina ya matakwa ya mtumiaji na matendo ya programu ni ahadi, na ahadi hiyo hukaa katika hati: ukurasa wa maelezo, ujumbe unaotokea kwenye skrini, taarifa ya toleo jipya. Kasoro, kwa hiyo, ni ikhtilafu baina ya ahadi na tendo. Na mtengenezaji anayeikuta hana budi, kabla hajagusa mstari hata mmoja, kuhukumu ni upande upi uliokosea. Huenda programu ikawa imevunja ahadi ya haki, na hapo programu itengenezwe. Huenda ahadi ndiyo ikawa ya uongo, iliandikwa kwa haraka au imepitwa na wakati, na maelfu ya watu wakawa wameizoea tabia halisi ya programu na kujenga kazi zao juu yake. Na hapo kuilazimisha programu ifuate hati kutakuwa ndiyo dhuluma, na lililo sawa ni kuisahihisha hati. Na mara nyingine, nayo ndiyo hali ngumu kuliko zote, hapana ahadi iliyoandikwa popote, na kila mtu amejiandikia yake kichwani.

Hali hii ya mwisho ilionekana kwa uwazi wa ajabu Februari 2017. Vyombo vingi vya kutunza matoleo hukokotoa kwa kila faili alama fupi itokanayo na yaliyomo, kwa kanuni iitwayo SHA-1, na hutegemea kwamba faili mbili zilizo tofauti hazitapata kuwa na alama moja. Mwezi huo watafiti wa Google pamoja na wa taasisi ya CWI ya Amsterdam walichapisha faili mbili za PDF, tofauti kwa sura, zenye alama moja ya SHA-1. Watu wa WebKit, programu iliyo ndani ya kivinjari cha Safari, walipoziweka faili hizo katika ghala lao la Subversion, yaani hazina ihifadhiwamo matoleo ya kazi yao, kwa nia njema ya kupima kama programu yao ingehimili hila ile, ghala lenyewe ndilo lililoshindwa: lilizidhania kuwa ni kitu kimoja, likavurugika, likakataa kupokea kazi mpya. Hapakuwa na mstari uliotenda kinyume cha alivyokusudia mwandishi wake; kilichovunjika ni ahadi ambayo wengi hawakupata kuitilia shaka. Git, katika toleo la 2.13 lililotoka mwaka huohuo, ilianza kutumia namna ya kukokotoa SHA-1 itambuayo hila za aina hiyo na kuzikataa, na mwaka huohuo ikaandikwa hati ndefu ya jinsi ya kuihama SHA-1 kabisa, hati ambayo kwa maoni yangu ni miongoni mwa maandishi bora ya ufundi yaliyomo katika ghala lile, kwa sababu inasema bila haya ni mambo gani ambayo hayatawezekana.

Lakini mfano nionao kuwa na mafunzo zaidi ni wa amri moja tu, 'git checkout', ambayo hati yake ilijaribu kwa miaka mingi kuitetea ikashindwa. Amri hii ilipewa kazi mbili zisizo na udugu. Ukiipa jina la tawi, yaani mkondo mmojawapo wa kazi, hukuhamisha kutoka tawi ulilomo hadi hilo ulilolitaja, na katika shughuli hiyo ni ya kiungwana kabisa: ikiona una mabadiliko ambayo hujayahifadhi na ambayo yatapotea kwa kuhama, hukataa, tena hukueleza kwa nini. Ukiipa jina la faili, huirudisha faili hiyo katika hali yake ya awali, na katika shughuli hii haiulizi wala haionyi. Kazi yako ya mchana kutwa hutoweka kabla hujainua kidole kutoka kwenye kitufe, na kwa kuwa haikuwa imehifadhiwa popote, hapana amri nyingine ya kuirudisha. Basi mtu aliyeijua kwa adabu yake ya kwanza, akajifunza kwayo kwamba chombo hiki hakipotezi kazi ya mtu, ndiye hasa aliyeumia siku alipokutana na ile ya pili.

Ukurasa wa maelezo haukuficha lolote. Ulieleza kazi zote mbili, kwa ukweli na kwa urefu, na mtu aliyeusoma hadi mwisho hakuweza kudai kwamba hakuambiwa. Waliousoma hadi mwisho, hata hivyo, walikuwa wachache, na wale waliopoteza kazi zao wakaenda kulalamika walipewa jibu ambalo ndilo liudhilo kuliko yote katika ulimwengu wa kompyuta, kwamba jambo hilo limeandikwa kwenye maelezo. Agosti 2019, toleo la 2.23 lilileta amri mbili mpya, 'git switch' ya kuhama matawi na 'git restore' ya kurudisha faili, na ile ya kale ikaachwa ilivyo kwa ajili ya waliokwisha kuizoea. Kurasa za maelezo za amri hizo mpya ni fupi kuliko ule wa zamani, na ufupi huo haukutokana na ustadi wa mwandishi peke yake. Ulitokana na kwamba kila amri sasa ilikuwa na jambo moja la kusemwa. Mimi husadiki kwamba ukurasa unaolazimika kusema 'isipokuwa' katika kila aya ni ushahidi dhidi ya programu, na kwamba mwandishi wa maelezo ndiye wa kwanza kuuona ushahidi huo, maana ndiye wa kwanza kulazimika kulitamka kwa maneno jambo ambalo mwenzake alilitenda kimya. Ndiyo sababu huniuma kuona kazi hiyo ikipewa kila siku yule aliye mgeni kuliko wote, kisha asiulizwe aliona nini.

Tuje kwenye kutengeneza kwenyewe. Kasoro haionekani pale ilipo: kama vile katika jahazi maji yanavyokusanyika ngamani ilhali ubao uliolegea kalafati uko mbali na hapo, ndivyo mtumiaji anavyoona faili imeharibika leo kwa sababu ya mstari uliobadilishwa miaka mitatu iliyopita katika sehemu ambayo hata jina lake halijui. Git ina amri ya kutafuta ubao huo, nayo ni 'git bisect'. Unaiambia komiti ambayo kwayo kazi ilikuwa nzima, na komiti ambayo kwayo imeharibika. Yenyewe inachukua iliyo katikati na kukupa uijaribu, nawe unajibu kama ni nzima au mbovu, na kwa jibu hilo nusu nzima ya historia inaondolewa katika shauri. Kisha inachukua katikati ya nusu iliyobaki, na kuendelea. Komiti elfu moja humalizika kwa majaribio kama kumi, na komiti milioni moja kwa majaribio kama ishirini tu, na mwenye kuweza kuandika jaribio lake kama programu ndogo aweza kuiachia kompyuta iendelee peke yake wakati yeye anakwenda kunywa chai.

Mwisho wa utafutaji huo unapewa komiti moja, na pamoja nayo maneno aliyoyaandika mtu alipoiweka. Hapa ndipo inapojulikana kama marehemu aliacha wosia au hakuacha. Ikiwa aliandika 'marekebisho madogo', kama waandikavyo wengi siku ya Ijumaa jioni, basi umepata mstari wenye makosa bila ya kupata sababu yake, na hujui kama ukiufuta utakuwa umeponya ugonjwa au umefungua mwingine ambao mstari huo uliwekwa kuuzuia. Kwa hiyo katika mradi wa Git maneno ya komiti yanatazamwa kwa ukali uleule utumikao kwa programu yenyewe. Mwongozo wa kutuma viraka, yaani mabadiliko yanayopendekezwa, unataka kwanza ielezwe hali ya mambo ilivyo sasa, kwa wakati uliopo, na ubaya wake. Kisha kwa nini njia iliyochaguliwa ni bora kuliko njia nyingine zilizofikiriwa. Na hatimaye badiliko lenyewe liandikwe kwa namna ya kuamrisha, kana kwamba mwandishi anaiamuru programu ijirekebishe. Si ajabu kukuta komiti iliyobadili herufi mbili ikiwa na aya tatu za sababu, na kwa mgeni jambo hilo huonekana kama urasimu, hadi siku atakapokuwa yeye ndiye anayetafuta. Mwishoni kila mtu hutia sahihi kwa mstari wa 'Signed-off-by', desturi iliyoanza katika Linux mwaka 2004, baada ya kampuni ya SCO kuzusha kesi juu ya asili ya sehemu za programu ile, na maana yake ni kuthibitisha kwamba mwenye kutoa kiraka ana haki ya kukitoa.

Kiraka bila jaribio hakipokelewi kwa urahisi. Ghala la Git lina saraka nzima ya majaribio, mamia ya faili zilizoandikwa kwa lugha ya sheli, na nataka nionyeshe kasoro moja ndogo iliyomo katika majaribio ya zamani, kwa kuwa ndiyo wapewayo mara nyingi wanaojifunza. Mwandishi alitaka kuhakikisha kwamba 'git log' inataja neno fulani, akaandika 'git log | grep habari', yaani yale yatokayo katika amri ya kwanza yapelekwe katika ya pili, itafute neno. Jaribio likapita, na likaendelea kupita miaka kumi. Lakini sheli, amri zinapounganishwa kwa mfereji wa namna hiyo, hutoa hukumu kwa kutazama amri ya mwisho tu. Git ingeweza kuchapisha neno lile kisha ikaanguka kifo cha ghafla, na madhali 'grep' ilikwisha kuliona neno, jaribio lingesema kila kitu ni salama. Dawa yake ni kuandika 'git log >actual && grep habari actual', ili matokeo yawekwe kwanza katika faili, na kila amri ihukumiwe kwa nafsi yake. Badiliko hilo haliongezi uwezo wowote katika Git, na mtumiaji hatalijua kamwe. Ila limemwondoa shahidi aliyekuwa akilala mahakamani.

Kiraka kikisha kuwa tayari hutumwa kwa barua pepe, kikasomwa hadharani na yeyote atakaye, naye mwenye nacho hujibu maswali, hurekebisha, hutuma mara ya pili, ya tatu, pengine ya nane. Mlezi wa mradi hukiweka kwanza katika tawi liitwalo 'seen', ambalo maana yake si zaidi ya kwamba kimeonekana. Kikistahimili huhamia 'next', wanakokipima watu wenye moyo. Na baada ya hapo ndipo kinapoingia 'master', litokalo toleo la watu wote. Kiraka kinachosahihisha neno moja katika ukurasa wa maelezo hupita njia hiyohiyo, hutiwa sahihi ileile, na wapo wanaoona hilo ni kuzidisha. Mimi sioni hivyo. Neno moja katika ukurasa husomwa na watu wengi kuliko watakaopata kuusoma mstari wowote wa programu.

Lakini utengenezaji wenyewe huzaa kasoro, na historia ya Git ina visa ambavyo ningependa kila mtengenezaji kijana avijue. Katika miaka ya mwanzo kila amri ilikuwa programu ya kujitegemea, 'git-commit', 'git-log', na nyingine nyingi, zikijaa katika saraka za mfumo. Toleo la 1.6.0, Agosti 2008, likaziondoa machoni zikabaki kuitwa kupitia neno moja 'git'. Ilani ilikwisha kutolewa kabla, katika taarifa za matoleo. Haikusaidia: taarifa za matoleo husomwa na watu ambao tayari wanajua yaliyomo, na wale ambao kazi zao zilikatika walikuja juu kana kwamba wamevamiwa usiku. Wakuu wa mradi walilishika funzo hilo. Ilipofika zamu ya kubadili tabia ya 'git push', ambayo ikiachwa bila maagizo ilikuwa ikipeleka kwenye seva matawi yote yenye jina moja huku na huku, pamoja na yale ambayo mtu hakukusudia yatoke, hawakutegemea taarifa. Tangu mwaka 2012 amri yenyewe ilianza kumwambia kila mtumiaji asiyekuwa amechagua, kwenye skrini yake, kila aitumiapo, kwamba tabia itabadilika katika toleo la 2.0, na kwamba akitaka ya zamani aandike hivi, na akitaka mpya aandike hivi. Ilikuwa kero. Lakini Mei 2014, toleo la 2.0 lilipotoka na amri ikaanza kupeleka tawi ulilomo tu, anayeweza kusema hakuambiwa alikuwa mgumu kumpata.

Penye hatari ya usalama hapana nafasi ya kungoja miaka miwili. Aprili 2022 ilitangazwa kwamba katika kompyuta itumiwayo na watu wengi, mtu mwovu aweza kuweka ghala bandia katika saraka ya juu, na mwenzake anayefanya kazi chini yake asijue kuwa Git yake inasoma maagizo ya yule mwovu na kuyatekeleza. Toleo la 2.35.2 likaifunga njia hiyo kwa kukataa kufanya kazi katika ghala lililo mali ya mtumiaji mwingine. Kinga ilikuwa ya haki, lakini siku hiyohiyo mitambo isiyo na kosa lolote, iliyokuwa ikijenga programu kwa jina la mtumiaji mmoja juu ya faili za mwingine, ilisimama, na siku chache tu baadaye likatoka toleo la 2.35.3 la kuwapa njia ya kuruhusu maghala yote kwa alama moja ya nyota. Mwaka 2024 kisa kilirudi kwa sura nyingine: toleo la 2.45.1, la mwezi Mei, liliziba matundu kadhaa na kuongeza juu yake kinga za ziada, na kinga hizo za ziada zikaizuia Git LFS, ambayo ni nyongeza ya kutunza faili kubwa; baada ya wiki chache toleo la 2.45.2 likaziondoa. Kuondoa kilichokwisha kuwekwa kwa nia njema, tena hadharani, ni jambo ambalo mafundi wengi hawaliwezi, na ndilo lililonifanya niwaheshimu zaidi.

Katika kisa kile cha 2022 kuna jambo jingine lipasalo kutazamwa, nalo ni ujumbe. Git ilipokataa ilisema hapo kwanza kwamba ghala hilo si salama, maana ni mali ya mtu mwingine. Neno hilo liliwatia hofu watu ambao ghala lao halikuwa na ubaya wowote. Baadaye ujumbe ukaandikwa upya, useme tu kwamba kumetambuliwa umiliki wenye shaka, na chini yake ukabaki, kama hapo kwanza, mstari mzima wa amri ya kuandika ikiwa mtumiaji analiamini ghala hilo, pamoja na njia ya saraka yake, tayari kunakiliwa. Haya ndiyo maelezo yasomwayo kuliko yote. Mtu hafungui ukurasa wa maelezo akiwa na furaha. Hufungua akiwa amekwama, na kabla ya kuufungua amekwisha kusoma mstari wa mwisho kwenye skrini, na ikiwa mstari huo umemwambia la kufanya, ukurasa hatauhitaji.

Upungufu mkubwa wa maelezo ya Git, niuseme bila kuuma maneno, ni kwamba kwa muda mrefu yaliandikwa na watu waliojua, kwa ajili ya watu waliojua. Mtu aliyeijenga nyumba haoni kizingiti, kwa kuwa mguu wake umekwisha kuzoea kukivuka. Yupo mtu aliyetengeneza kwa mzaha chombo cha kubuni kurasa bandia za maelezo ya Git, zilizojaa amri zisizokuwapo, na mzaha ule ulichoma kwa sababu msomaji wa kawaida hakuweza kuzitofautisha na za kweli. Mambo yamebadilika tangu wakati huo, na badiliko nilipendalo zaidi ni mwongozo ulioongezwa mwaka 2019 kwa ajili ya mtu atoaye mchango wake wa kwanza. Hauanzi na nadharia. Unamshika mkono msomaji akaongeza katika Git amri mpya iitwayo 'git psuh', jina la mzaha litokanalo na 'push' iliyokosewa herufi, akaiandikia programu, akaiandikia ukurasa wa maelezo, akaiandikia jaribio, na akaandaa kiraka cha kutuma. Kwamba ukurasa wa maelezo umo katika hatua hizo, wala si nyongeza ya mwisho, ni jambo linalosomeka bila kutangazwa. Kijana wa Nairobi au wa Unguja mwenye kompyuta na barua pepe aweza kuufuata hadi mwisho bila kuomba ruhusa ya mtu.

Na akimaliza, iko kazi inayomngoja. Kila amri ya Git, ikiulizwa kwa '-h', huchapisha muhtasari wa jinsi ya kuitumia. Na ukurasa wake wa maelezo nao una muhtasari huohuo mwanzoni. Vitu hivi viwili huandikwa mahali pawili tofauti, kimoja ndani ya programu na kingine ndani ya hati, na kwa miaka mingi vilikuwa vikiachana polepole, chaguo likiongezwa huku na kusahauliwa kule, mabano yakiwekwa hapa na kuondolewa pale. Mwaka 2022 liliongezwa katika saraka ya majaribio jaribio la kuvichukua viwili hivyo, amri baada ya amri, na kuvilinganisha neno kwa neno, likatae panapokuwa na tofauti. Lakini tofauti zilizokuwapo zilikuwa nyingi mno kutengenezwa kwa mkupuo mmoja. Basi kando ya jaribio ikawekwa faili yenye orodha ya amri ambazo programu yake na hati yake zinajulikana kuwa hazipatani, jina moja kila mstari, ili jaribio lizivumilie kwa sasa na kuzikamata nyingine zote. Mwenye kutaka kuanza na aifungue orodha hiyo, achague jina moja, aiweke programu upande huu na ukurasa upande huu, asome zote mbili kwa makini, na asishangae akikuta kwamba hata upande mmoja hausemi kweli yote. Ahukumu, asahihishe panapostahili, aeleze sababu zake kwa wakati uliopo, atie sahihi, na katika komiti hiyohiyo alifute lile jina katika orodha.